Bibi aliyetafuna jina

Niliingia chumbani kwake saa moja kasoro asubuhi, zamu yangu ndiyo kwanza inaanza, nikamkuta amekaa kitandani anatafuna. Nikashtuka. Kwa wazee wetu kula kisicholiwa si jambo geni. Nimeshatoa midomoni mwa watu sabuni, maua ya plastiki, na siku moja betri ya kifaa cha kusikilizia. Nikamwomba afungue kinywa. Akakaza taya. Mwanamke wa miaka 88, meno yake mwenyewe bado yamo karibu yote, akanikazia macho huku anameza.

Mezani kulikuwa na albamu yake. Chini ya kila picha nilikuwa nimebandika kijikaratasi cheupe chenye majina, na sasa kila kimoja kilikuwa kimebanduliwa. Vingi alikuwa amevilowesha kwenye glasi ya maji mpaka wino ukatoka. Kile cha picha ya wasichana wanne wenye baiskeli, chenye majina manne, ndicho alichokila.

Hiyo ilikuwa mwaka 2011, mjini Haarlem, Uholanzi. Mimi ni mtu wa Tanga. Nilifika huku kwa masomo, masomo yakaisha, mapenzi yakanibakiza, nikaishia kwenye kazi ambayo wengi wetu huishia: kutunza wazee wa watu huku wetu wenyewe wakitunzwa na dada na mashangazi kule nyumbani. Nyumba ile ya wazee ilikuwa na utaratibu wa kumtengenezea kila mkazi aliyeanza kusahau kitabu cha maisha yake, chenye picha, majina na tarehe, ili akipotewa na kumbukumbu awe na pa kushika. Nilipewa vitabu vitatu. Cha yule Bibi nilikifanya kwa moyo wote. Siku moja akili yake ikiwa shwari alinitajia majina yote, nami nikayachapa kwa herufi kubwa asipate taabu ya kusoma. Nilijiona hodari kwelikweli.

Kikazi nilimwita Mevrouw, yaani Bi. kwa Kiholanzi, na kumsemesha kwa ile "wewe" yao ya heshima. Moyoni alikuwa Bibi tu, na hapa nitamwita hivyo.

Sikumgombeza. Nilimletea chai, nikafungua pazia, nikaanza kuokota vipande vya karatasi sakafuni. Alipofika nusu ya kikombe akasema, kwa sauti ya mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi wake mzuri aliyekosa swali rahisi: "Binti, jina haliandikwi."

Maelezo yalikuja kwa vipande, wiki baada ya wiki, na karibu kila mara yalikuja mikono yetu ikiwa kazini. Nikikaa mbele yake na kumuuliza, hasemi. Nikikunja naye taulo, anasema. Nilijifunza kutotazama juu.

Msichana wa tatu kwenye ile picha alikamatwa stesheni mwaka 1943, Wajerumani wakiwa wameitwaa Uholanzi. Mkobani alikuwa na kijitabu cha anwani. Alikuwa ameanza kuandika kwa sababu kichwa chake hakikushika vitu, na nyumba za kupelekea mizigo zilikuwa zimeshapita kumi. Wiki hiyo milango minne iligongwa usiku. "Hakuwa msaliti," Bibi alisema, na akarudia, maana baada ya vita wapo waliosema hivyo. "Alikuwa msahaulifu tu." Yeye mwenyewe hakurudi.

Baada ya hapo waliobaki wakaapa kutoandika hata herufi. Bibi alikuwa mtoto wa kanisa, zaburi anazijua zote, basi akazipangia anwani tuni za zaburi. Nyumba moja, ubeti mmoja. Aliimba kimoyomoyo anapokanyaga pedali, na mwendo wa baiskeli ukamsaidia kushika.

Hapo nikaelewa jambo ambalo wenzangu wa zamu ya usiku walikuwa wakiliandika kwenye daftari kama dalili ya ugonjwa kuzidi: "Anaimba nambari." Kweli alikuwa akiimba. Nambari ya nyumba, ghorofa ya juu, gonga mara mbili, ngoja, gonga mara moja. Hakujua asubuhi amekula nini, lakini mlango wa kugonga mara mbili aliujua.

Kazi yenyewe ilikuwa nini hasa? Hapo mimi nilikuwa nimeshapotoshwa na sinema. Nilitegemea bunduki na madaraja yanayolipuka. Bibi alinitolea viazi, kufua na kuponi.

Wajerumani waliivamia Uholanzi tarehe 10 Mei 1940. Siku nne baadaye waliipiga Rotterdam kwa mabomu, na nchi ikasalimu amri. Bibi alikuwa bado msichana wa shule. Alisema jambo lililomtia aibu mpaka uzeeni ni jinsi miezi ya mwanzo ilivyopita kimya kimya. Maziwa yalifika mlangoni, tramu zilikwenda kwa saa zake. Kisha vikaja vitu vidogo vidogo, kila kimoja kikiwa na fomu yake. Mwaka 1941 kila mtu mzima alipewa kitambulisho chenye picha na alama ya kidole, kitu ambacho Waholanzi hawakuwa nacho kabla. Kilibuniwa na mtumishi wa serikali wa Kiholanzi aliyejivunia ufundi wake, na kilikuwa kigumu kughushi kuliko hata vile vya Wajerumani. Cha Myahudi kiligongwa herufi J. Aliponieleza nikamwambia kwetu tulikuwa na neno: kipande. Babu yangu mzaa baba alikata mkonge Tanga enzi za Waingereza akiwa na kipande mfukoni, kila siku ya kazi ikiwekewa alama. Akanifanya nilitamke mara tatu. Akalipenda.

Na ndipo akagundua kwamba Tanga ilikuwa ya Wajerumani mpaka mwaka 1916. Aliacha kukunja. "Kumbe na ninyi!" Tangu siku hiyo nilipanda cheo kutoka mhudumu hadi mtu anayeweza kuelewa.

Mwaka 1942, ana miaka 19, alipata ukarani kwenye ofisi ya mgao wa chakula. Mkate, siagi, nyama, sabuni, viatu, vyote vilinunuliwa kwa kuponi, na kuponi alipewa mwenye kadi iliyo sahihi. Mwaka huohuo, kuanzia Julai, treni za kuwapeleka Wayahudi Poland zikaanza kuondoka. Watu wakaanza kujificha. Waholanzi wana neno lao kwa hilo, onderduiken, yaani kupiga mbizi. Mtu anapiga mbizi, maji yanajifunga juu yake, na yeyote aliyesimama ukingoni haoni kitu. Kwanza Wayahudi, kisha wanafunzi waliokataa kutia saini hati ya utii kwa Wajerumani, kisha vijana waliotakiwa kwenda kufanya kazi za kulazimishwa kwenye viwanda vya Ujerumani. Mwisho wa vita waliopiga mbizi walikadiriwa kufika laki tatu.

Sasa fikiri kama mtu wa jikoni. Watu laki tatu wanakula. Wako darini, nyuma ya makabati, kwenye mazizi ya ng'ombe, wala hawana kadi, kwa sababu kwenye makaratasi hawapo. Aliyewaficha ana kuponi zake tu, na duka haliuzi mkate bila kuponi. Ukiwaficha bila kuwalisha umewachimbia kaburi.

Ndiyo maana ofisi kama ile ya Bibi zilikuwa na thamani kuliko ghala la silaha. Marehemu hawakufutwa haraka. Waliohama walihesabiwa mara mbili. "Ofisini kwetu," alisema, "wafu walikuwa na hamu ya kula kuliko walio hai." Kuponi zilitoka jioni zikiwa zimeshonwa kwenye upindo wa koti, au zimelazwa ndani ya mkanda wa kubana tumbo, na kufika kwa wenzake wa baiskeli. Hao waliitwa koeriersters, matarishi wa kike. Nao walikuwa wengi sana, kwa sababu kadiri vita vilivyoendelea mwanamume wa umri wa kufanya kazi alikuwa windo barabarani. Msichana mwenye kikapu cha viazi alikuwa msichana mwenye kikapu cha viazi. "Askari walitutazama miguu," Bibi alisema. "Kikapu hawakukitazama." Alisema hivyo akicheka, halafu akaacha kucheka, akasema si wote waliishia kutazama. Hakuendelea, nami nikachukua taulo jingine.

Ndani ya nyumba nako kulikuwa na kazi isiyo na jina wala nishani. Mama yake Bibi alikuwa mjane. Nyumba ya mjane na binti yake, kamba ya kuanikia inatoaje chupi za kiume? Basi nguo za watu watatu waliokuwa darini zilikaushwa ndani, wakati wa baridi, kwenye nyumba isiyo na makaa ya mawe ya kutosha. Mkate ulinunuliwa kwenye maduka matatu tofauti ili muuza mmoja asipate hesabu. Maji ya choo hayakuvutwa kama mama na binti wote wametoka. Sahani zilioshwa mbili, zikakaushwa, zikarudi kabatini, ndipo zikaoshwa nyingine tatu, ili mgeni akiingia ghafla asikute tano. Dirisha la jikoni lilitazamana na la jirani, na jirani hawakujua ni mtu wa upande gani. Miaka 2 na zaidi ya kuosha vyombo kwa mafungu! Wawili kati ya wale watatu waligombana juu ya mchezo wa chesi, wakakaa mwezi mzima hawasemeshani katika dari ambamo mtu hawezi kusimama wima, na mama mtu ndiye aliyepanda ngazi kila jioni kuwapatanisha. Nilimuuliza Bibi mama yake alikuwa na moyo gani. "Alikuwa amechoka," akajibu.

Mtu aliyeusuka mtandao mkubwa kuliko yote wa kuwatafutia watu mafichoni na kuponi naye alikuwa mama wa nyumbani. Helena Kuipers-Rietberg, mama wa watoto watano kutoka Winterswijk karibu na mpaka wa Ujerumani, aliyejulikana kwa jina la siri la Shangazi Riek. Mwishoni mwa 1942, yeye na mchungaji Frits Slomp walianzisha shirika la kusaidia waliopiga mbizi, likaja kuwa na maelfu ya watu nchi nzima. Alikamatwa Agosti 1944, akafia Ravensbrück, ile kambi ya wanawake kaskazini ya Berlin, mwezi Desemba. Nikiwauliza vijana wa Kiholanzi ninaofanya nao kazi, wengi hawamjui.

Wanamjua Hannie Schaft. Naye ni wa hapahapa Haarlem, msichana mwenye nywele nyekundu, mwanafunzi wa sheria aliyekataa kutia saini ile hati ya utii. Aliingia kwenye kundi la silaha pamoja na ndugu wawili wa kike, Truus na Freddie Oversteegen. Freddie alikuwa na miaka 14 vita vilipoanza. Waliwapiga risasi maofisa wa Kinazi na Waholanzi waliowatumikia, aghalabu wakiwa kwenye baiskeli. Hannie alizitia nywele zake rangi nyeusi, lakini Machi 1945 alisimamishwa kwenye kizuizi hapa mjini akiwa na magazeti ya siri na bastola, na baadaye mizizi ya nywele ikamuumbua. Walimuua kwenye matuta ya mchanga ya Bloemendaal tarehe 17 Aprili 1945. Siku 18 baadaye, tarehe 5 Mei, nchi ikawa huru. Kati ya zaidi ya miili 400 iliyofukuliwa kwenye mchanga ule, wake tu ndio uliokuwa wa mwanamke. Na serikali ambayo mwanzoni ilimzika kwa heshima zote, mwaka 1951 ikapiga marufuku maandamano ya kwenda kaburini kwake, kwa kuwa rafiki zake walikuwa wakomunisti.

Sanamu iliyochongwa na Truus mwenyewe kwa kumbukumbu yake imesimama Kenaupark, karibu na stesheni. Nilimsukuma Bibi hadi pale kwa kiti cha magurudumu siku moja ya jua. Aliitazama sana. "Yule alikuwa na bastola," akasema. "Mimi nilikuwa na viazi." Sikuweza kujua kama anajishusha au anamsuta mtu. Nadhani alikuwa anapanga tu vitu mahali pake. Mimi nilikasirika kwa niaba yake, nikamwambia bila viazi hata mwenye bastola asingefika mbali. Akaniambia niache siasa, jua linaondoka, turudi.

Kulikuwa na jambo la godoro pia. Nikitandika kitanda chake asubuhi, alitaka nigeuze godoro, upande wa chini uje juu. Kila siku. Godoro la nyumba za wazee ni zito, lina mota chini yake na mgongo wangu ni mmoja. Kwa muda nilijifanya nimegeuza. Nilivuta shuka kwa vishindo, nikaguna kama mtu anayeinua mzigo, kisha nikasema tayari. Alikuwa akipitisha kiganja chini ya shuka, anatikisa kichwa, anakaa kimya. Nilidhani ni usumbufu wa uzee.

Siku yangu ya mapumziko nikaenda Barteljorisstraat, mtaa wa maduka katikati ya mji, kwenye nyumba ya fundi saa ten Boom, ambayo sasa ni makumbusho. Nilikuwa nimepita pale mara mia nikienda kununua vitu. Corrie ten Boom na dada yake Betsie, wanawake wa makamo ambao hawakuolewa, waliishi juu ya duka pamoja na baba yao mzee, na nyumba ikawa kituo cha waliopiga mbizi. Dirishani kulikuwa na kibao cha tangazo la saa. Kikiwepo, ingia, kikiondolewa, pita njia. Chumbani kwa Corrie, ghorofa ya juu, fundi alijenga ukuta wa uongo wa matofali, nyuma yake nafasi ya kusimama watu wachache, na mlango wake ukawa kijitundu nyuma ya rafu ya chini ya kabati la shuka. Walifanya mazoezi ya kengele ya hatari. Na katika mazoezi hayo, mwongozaji alituambia, walifundishwa kugeuza magodoro kabla ya kutambaa ndani ya tundu, kwa sababu askari akiingia hutia mkono kitandani. Godoro lenye joto lina maana mtu alikuwa hapa sasa hivi.

Nilisimama mbele ya kitanda kile, uso ukaniwaka moto kwa aibu.

Tarehe 28 Februari 1944 nyumba ile ilivamiwa kwa usaliti. Watu sita walikaa nyuma ya ukuta kama siku mbili, hawakuonekana. Baba mtu, miaka 84, alifariki siku kumi baadaye mikononi mwa Wajerumani. Betsie alifia Ravensbrück. Corrie alirudi. Kesho yake niliingia kwa Bibi, nikageuza godoro kikwelikweli. Akapitisha kiganja. "Leo baridi," akasema, akaridhika.

Kuhusu mtoto alinieleza mara moja tu. Ilikuwa majira ya baridi, theluji nje, ninampaka mafuta miguuni.

Amsterdam, mtaa wa Plantage Middenlaan, kuna jumba la tamthilia, Hollandsche Schouwburg, ambalo Wajerumani waliligeuza mahali pa kuwakusanyia Wayahudi kabla ya treni. Watoto wadogo walitenganishwa na wazazi wao, wakawekwa ng'ambo ya barabara kwenye nyumba ya kulelea watoto. Mkuu wa nyumba hiyo alikuwa Henriëtte Pimentel, naye Myahudi. Yeye, pamoja na Walter Süskind aliyeshika orodha kule jumbani, na Johan van Hulst, mkuu wa chuo cha ualimu cha jirani, waliwatorosha watoto wanaokadiriwa 600. Walipitishwa juu ya ua wa bustani ya nyuma kwenda chuoni. Walitolewa kwenye vikapu vya nguo na mifuko ya mgongoni. Wengine walitolewa kwa mlango wa mbele kabisa: tramu ilipopita na kuwaziba walinzi wa ng'ambo, msichana alitoka na mtoto, akakimbia sambamba na tramu hadi kituoni na kupanda, na abiria waliokuwa wameona kila kitu wakatazama madirishani. Lakini kabla ya hapo mama alipaswa kuulizwa. Aulizwe kama yuko tayari kumpa mwanawe mwanamke asiyemjua, ampeleke mahali asipoambiwa, aitwe jina asilopewa na yeye. Na jina la mtoto lifutwe kwenye orodha, kana kwamba hakuwahi kuzaliwa. Pimentel mwenyewe aliuawa kambini Auschwitz Septemba 1943.

Bibi hakuwahi kufika mtaa ule. Kazi yake ilianzia kwenye benchi la stesheni, ambapo mwanamke alimkabidhi mvulana wa miaka kama mitatu na mkoba, akasema "Shangazi huyu hapa," akaondoka. Treni ya kwenda Haarlem ni safari fupi. Kwenye behewa aliketi askari wa Kijerumani, mtu mzima, mwenye uso wa baba wa watoto. Akamtolea mvulana peremende. Akamuuliza kwa Kiholanzi cha kuvunjika: unaitwa nani?

Mtoto akamtazama, akajibu vizuri na kwa adabu: "Siruhusiwi kusema."

Bibi alinyamaza hapo kwa muda mrefu. Mikono yangu ikaendelea kupaka.

Alisema alicheka. Hakujua kicheko kile kilitoka wapi. Alicheka akamtandika mtoto kibao chepesi cha mkono, akasema huyu mama yake amemkataza kuzungumza na watu asiowajua, na sasa anawakatalia hata wenye peremende. Askari naye akacheka. Behewa zima likacheka. Mtoto peke yake hakucheka, alishika peremende bila kuifungua mpaka wakashuka. Kisha akamweka kwenye kerea ya baiskeli, wakaenda hadi shamba moja huko Haarlemmermeer, ile tambarare iliyokuwa ziwa kabla haijakaushwa, akamkabidhi kwa mke wa mkulima, akarudi gizani.

"Jina lake la kweli lilikuwa nani?" nikauliza, nikavunja kanuni yangu mwenyewe.

"Sikuuliza. Ningejua, ningeweza kulitoa."

Kati ya Wayahudi wapatao 140,000 wa nchi hii, zaidi ya 100,000 waliuawa. Bibi hakuwahi kujua mvulana wake yuko hesabu gani. Baada ya vita hakuwa na jina la kumtafutia, na mvulana kama aliishi hakuwa na jina la kumtafutia yeye. Ningemfahamu mtu wa kulaumu ningemlaumu. Kanuni iliyowaokoa wote wawili ndiyo hiyohiyo iliyowatenganisha moja kwa moja, na haikuja siku ya kusema: basi, sasa semeni. Tarehe 5 Mei watu walicheza barabarani. Kabla ya hapo kulikuwa na majira ya njaa ya 1944 hadi 1945, watu wapatao 20,000 wakafa, wengine wakila viazisukari na vitunguu vya maua ya tulipu, baiskeli zikitembea kwa magurudumu ya mbao kwa kukosa tairi. Mtu aliyetoka kwenye hilo alitaka mkate na usingizi. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kuulizana majina. Kisha wakaolewa, wakazaa, waume zao wakasimulia vita vyao mezani, wao wakaleta mchuzi.

Miaka ya themanini ilipotoka nishani ya kumbukumbu kwa waliopinga, mwanawe alimletea fomu ajaze. Fomu ilitaka mashahidi. Bibi akaitumia kufungia vitunguu. Hili alinisimulia kama kichekesho na mimi nilicheka, lakini sikubaliani naye mpaka leo. Nadhani alikuwa na haki ya kukataa nishani yake, ila si ya wale watatu wengine kwenye picha. Tulibishana. Alinishinda kwa kusinzia.

Alifariki mwaka 2014, usingizini, mimi nikiwa zamu. Waswahili tunasema aibu ya maiti aijuaye mwosha, na huko kazini mara nyingi sisi ndio waosha. Nilimwogesha na mwenzangu. Nilikuta kovu refu nyuma ya paja ambalo nilikuwa nimeliona mara nyingi bila kuuliza, nikalifunika tena.

Mwaka 2024 makumbusho ya mauaji ya Wayahudi yalipofunguliwa kwenye lile jengo la chuo cha ualimu, nilienda. Tramu bado inapita. Nilisimama ukingoni mwa barabara, nikasubiri moja ipite, kupima kwa macho yangu ni muda gani. Ni sekunde chache mno. Nilipima tena na ya pili.

Ila nirudi kwenye wiki ile ya msiba. Mjukuu wake wa kike alikuja kukusanya vitu. Alikuwa na umri wa Bibi pale kwenye picha, na mabega yaleyale. Akaikuta albamu, akaona alama za gundi chini ya kila picha, akaniuliza nani aliyeharibu. Nikamweleza. Kwanza akacheka, kisha akakaa kitandani. Godoro nilikuwa nimeligeuza asubuhi ile kwa mazoea.

Akanionyesha wasichana wanne. "Huyu ni Oma," akasema, yaani bibi yake, akimgusa wa mwisho. "Na hawa?"

Nikamwambia niliyoyajua. Kwamba wa kwanza aliimba vibaya. Kwamba wa pili alikuwa na baiskeli ya kaka yake ndiyo maana miguu haifiki. Wa tatu alikuwa msahaulifu, na hakuwa msaliti. Mjukuu akauliza kama nayajua majina. Nilikuwa nimeyachapa kwa mkono wangu kwa herufi kubwa, ningeyasahau vipi?

Nikafunga mlango kwanza, sijui kwa nini. Nikainama nikamtajia sikioni la yule wa tatu. Akalirudia taratibu, mara mbili. Kisha akatoa simu mkobani, akafungua mahali pa kuandika, akaniuliza linaanza na herufi gani.